Kinyozi Anayeokoka Kila Jumapili

Mpendwa Shangazi, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba usinicheke, ingawa zamani mimi ndiye niliyekuwa nachekesha watu, maana ni kinyozi, nina viti vitatu nyuma ya soko, na wateja hawakuwa wanafuata mashine zangu, mashine ziko kila kona, walikuwa wanafuata mdomo wangu, hata mwenye upara alikuwa anakuja anakaa, ukimuuliza anasema anasubiri zamu. Ndiyo maana wakanibandika jina la Kicheko.

Basi mwaka jana niliokoka, Shangazi, na niliokoka kweli, nililia kanisani mpaka shati likalowa, nikatoka pale mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Tatizo lilianza wiki hiyohiyo, mteja mmoja alilalamika kichwa kinamuuma, nikamwambia pole, kichwa kikubwa hivyo lazima kiume kwa zamu, upande wa kulia asubuhi na wa kushoto jioni, duka zima likavunjika mbavu, na mwenyewe akacheka mpaka nikazima mashine nisije nikamkata, lakini nilipofika nyumbani nikaanza kujiuliza, hivi mtu aliyeokoka anacheka namna hii? Nafsi ikanisuta. Jumapili mchungaji alipowaita wanaotaka kuokoka wapite mbele, nikapita. Jumapili iliyofuata nikapita tena, kwa sababu nilimfokea jirani aliyemwaga maji machafu mlangoni kwangu, iliyofuata nikapita kwa sababu nilisinzia kwenye maombi, na sasa hata sijui nimeokoka mara ngapi. Kanisani kwetu wanaopita mbele hupelekwa chumba cha pembeni, mama wa mapokezi anawakaribisha kwa soda, na mama huyo siku hizi ananifungulia ya chungwa kabla sijakaa. Jumapili iliyopita alininong'oneza kwamba soda za wageni zinaisha.

Dukani nimepiga marufuku utani, wateja wanakaa kama wanangoja kung'olewa jino, mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Mke wangu mwanzoni tukitoka kanisani alikuwa ananiuliza, leo tena? Siku hizi haulizi.

Lililonifanya nishike kalamu ni mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, anaolewa Jumamosi. Wazazi wetu walishafariki, mimi ndiye niliyemlea, na tangu akiwa mdogo tulikubaliana kwamba siku ya harusi yake mshereheshaji ni mimi. Nimemkatalia, Shangazi. Nilimwambia nitakaa nyuma nisali, kwa sababu nikishika kipaza sauti najijua, nitachekesha watu, muziki ukilia nitacheza, na je, Bwana akirudi akanikuta nakata kiuno? Hakugombana nami. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, akaniangalia kupitia kioo, akasema, "Kaka, kwa hiyo furaha yangu nayo ni dhambi?" Akanyanyuka akaondoka, na tangu hapo hapokei simu zangu. Nampenda Mungu na nampenda mdogo wangu, sasa nimuudhi nani?

Ni mimi, Kinyozi Aliyenuna.

*

Marahaba, mwanangu. Umeniomba nisicheke, nimeshindwa. Nilipofika kwenye soda chai ilinipalia, na sina mpango wa kutubu.

Pole kwanza. Moyo unaosutwa ni moyo ulio hai. Wapo wanaodhulumu yatima na usiku wanakoroma, wewe unakosa amani kwa sababu ya kichwa cha mteja. Lakini pole yangu inaishia hapo. Sasa kaa vizuri kitini, leo nakunyoa mimi.

Nikuulize la kazi yako. Mteja umemnyoa akang'aa, umempangusa shingo, amejitazama akaridhika. Kesho amerudi anataka kichwa kilekile kinyolewe upya, na keshokutwa tena. Wembe utaupitisha wapi? Hakuna unywele pale, utachuna ngozi tu. Ndicho unachojifanyia kila Jumapili. Ulisafishwa siku ile shati lilipolowa, na aliyekusafisha hakuiacha kazi nusu ili wewe uimalizie kwa kununa.

Tena unajiona mnyenyekevu, kumbe ni kiburi. Unaamini Yesu alikufa na kufufuka kwa ajili yako, halafu unaamini utani wako mmoja umetosha kuibomoa kazi yote hiyo. Mdomo wako ni mkubwa, nakubali, lakini haujafika huko. Neema ni kupewa usichostahili. Ungekuwa unastahili, tungeiita mshahara.

Sijasema ufanye upendavyo. Yule jirani uliyemfokea, umemwomba radhi? Barua yako ndefu hivi na hilo hukulitaja. Ulipita mbele ya kanisa zima, ukaupita mlango wake. Nenda. Ukikosea siku nyingine, mwambie Mungu palepale ulipo, hata ukiwa na mashine mkononi, umwombe msamaha uliyemkosea, kisha uendelee kunyoa. Mtoto akivunja sahani nyumbani anaomba msamaha, hamwambii mama yake amzae tena. Na usingizi wa kwenye maombi dawa yake ni kulala mapema.

Jumapili hii mchungaji akiita, kaa. Miguu ikikuwasha, shikilia kiti, wape nafasi wageni wa kweli. Dukani zungumza na watu, ila mchekeshe mtu na yeye acheke, usimcheke. Mkeo mwombe akusahihishe ukipitiliza, wake wana kipaji hicho. Kuhusu Bwana kurudi akakukuta unacheza harusini kwa mdogo wako, niamini, siku hiyo atakuwa na watu wengine wa kushughulika nao.

Sasa funga gazeti hili unamosoma jibu langu. Usimpigie simu, nenda kwake kwa miguu yako, na ukifika usihubiri. Mwambie alikuuliza swali na jibu lake ni hapana, furaha yake si dhambi na haijawahi kuwa, na kwamba wewe ndiye uliyekosea. Akikununia, vumilia, kununa amejifunza kwako.

Binti huyo hana baba wa kumsindikiza wala mama wa kumpigia vigelegele. Ana wewe. Ulimnyima kaka yake ukasema ni kwa ajili ya Mungu, na Mungu hakukutuma. Jumamosi shika kipaza sauti, mfurahie mdogo wako mbele za watu wote, na usimwombe mtu yeyote msamaha kwa hilo.