Mjomba na ufunguo wa akiba

Mwanangu, mjomba kaniua leo! Si unajua anavyojigamba kuwa yeye ndiye mwenye nyumba mstaarabu kuliko wote, haingii kwa mpangaji bila hodi?

Leo kamleta mteja aone chumba cha yule fundi cherehani anayehama, maana hataki kikae kitupu. Hodi hakuna! Katoa ufunguo wa akiba, kafungua, wakaingia, mimi nyuma yao.

Eti, "Huyu mama mchafu kidogo, lakini tutapiga rangi." Mchafu! Tena kwa sauti!

Pazia la kitandani likafunguka. Fundi mwenyewe! "Endelea, baba mwenye nyumba. Dari inavyovuja umeshamwonyesha?"

Mteja huyooo, kaondoka. Mimi mbavu sina.

Fundi akanigeukia: "Wewe si umenifungulia geti sasa hivi? Mbona hukumwambia mjomba wako nimo ndani?"