Parachichi Alilolimaliza Mama Mkwe

Mjukuu wangu Moraa,

Huku Manga tu wazima, na goti la babu yako limekubali tena kupanda mlima. Umeniuliza mbona nimemkatalia mnunuzi uliyenitafutia huko Nairobi, anayetaka kubeba maparachichi yote kwa siku moja, ilhali karo ya mdogo wako inangoja.

Nilipokuwa nimeolewa juzijuzi, mchuuzi wa soko la Birongo alikuja na pikapu, mama mkwe akiwa matangani. Alipiga honi, akatishia kwenda kwa jirani. Nikaogopa. Nilichuma mti mzima, machanga nikayatia chini ndani ya gunia, yaliyokomaa juu.

Wiki iliyofuata mchuuzi alirudi na parachichi moja lililonyauka bila kuiva.

"Hili ni lenu?" akamuuliza mama mkwe.

Mama mkwe alilichukua, akalipasua, akaanza kula. Lilikuwa gumu kama kandambili, tena chungu. Alitafuna, akameza, akakata kipande kingine, mpaka akabaki na kokwa mkononi.

"Ni letu," akasema. Wala hakunitazama.

Tangu hapo mimi huchuma yaliyokomaa tu, mara tatu kwa msimu, na pesa huja kidogokidogo.

Ndani ya mfuko huu nimekutilia parachichi moja, nimelichuma leo kwenye matawi ambayo mnunuzi wako hataki kuyangoja. Liweke, uone kama litaiva. Ukiweza kulimaliza, mpigie simu, alete lori.

Nyanya yako,
Kemunto