Kwangu Kuna Mwanga

Jumamosi. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na mimi sina raha hata ya kumenya muhogo.

Nimesalitiwa. Nimetafuta neno jepesi kuliko hilo, sikulipata.

Yote yalianzia kwenye miche yangu. Hapa Rutamba ukisia nje, kuku wanaparura na mvua inafukua, kwa hiyo mwaka huu nyanya na bilinganya nimezisia ndani, kwenye makopo ya udongo, chumba cha uani. Za kwanza zilinitia aibu. Ziliota nyeupe, ndefu, zimejipinda kufuata dirisha, kisha zikalala chini. Bwana shamba akanambia mbegu hizi zikiwa chini ya udongo hazina haja ya taa, zinataka joto na unyevu tu. Lakini zikishachungulia, ziwashie siku hiyo hiyo, tena taa iwe karibu, kama shubiri moja juu yake, na uipandishe kadiri miche inavyokua. Usiku uizime, miche ipumzike. Basi nyanya nilizosia upya zimeshaota, nawasha nikimaliza sala ya alfajiri, nazima baada ya isha; bilinganya bado zimo udongoni.

Mtu wa kwanza kumwonyesha alikuwa Mwanaidi, jirani yangu na shoga yangu tangu tukiwa wari. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Wanangu wanasomea koroboi, nyanya zako zina umeme!"

Jana tulikwenda wote kwenye arobaini ya kuzaliwa kwa mjukuu wa Bi Rehema, hapa hapa mtaani. Nikanyoosha mikono nimpokee mtoto, kama nilivyowapokea watoto wote wa mtaa huu. Bi Rehema akamvutia kifuani.

"Amelala."

Mtoto macho kodo!

Mama mmoja akadakia, "Mama Shani, tumesikia kwako kuna mwanga."

Nami, mja wa Mungu, nikafurahi kuulizwa. "Upo! Tena mkali. Nauwasha kila alfajiri."

Mtu akasema "Audhubillahi" chini chini. Nikamtazama Mwanaidi, tumekaa ubavu kwa ubavu, nikingoja aseme neno. Akachota wali.

Nyumbani ndipo binti yangu Shani aliponifumbua macho. "Mama, hawakuuliza habari ya taa. Wanasema unawanga."

Mimi! Ninayeosha maiti zao. Ninayewafundisha mabinti zao juzuu amma. Nilisema "upo", sikusema "yupo", lakini pale nani alikuwa anasikiliza herufi?

Leo asubuhi nimevuka ua, nimemkuta Mwanaidi anapeta mchele.

"Umewaambia nini watu?"

"Nilisema kwako kuna mwanga. Uongo? Ulikuwa utani, shoga, wenyewe wakaubeba."

"Na jana mbona hukusema ni taa ya miche?"

Akapeta, akapeta. Hakuniangalia.

"Wangesema na mimi nimo."

Hapo ndipo paliponiuma. Utani ningeusamehe palepale, sote tuna midomo. Lakini alikaa akanipima mimi na maneno ya watu, akachagua, huku bega lake limegusa langu.

Nilirudi nikaizima taa. Nikakaa mle gizani na hasira zangu. Halafu nikajiuliza, miche ina kosa gani? Nikaiwasha tena, na pazia nimelifungua. Atakaye kuchungulia na achungulie.

Sijui kama wale mabinti watakuja darasani Jumatatu. Nitatandika mkeka, nitangoja.

Baada ya alasiri nimeingia kutazama makopo. Bilinganya zimetoka! Vijani viwili viwili, kijani kibichi, vifupi, vimesimama wima kama watu wa safu ya mbele msikitini. Nimetoka mbio hadi kwenye ua, nimeshafungua mdomo, "Mwana..."

Nikakumbuka.

Nimebaki nimesimama kwenye mvua. Ya Rabbi, kusamehe nitajifunza, umenifundisha makubwa kuliko hilo. Lakini furaha ndogo kama hii, mtu humpelekea nani?