Daktari Alipouliza Kama Inauma

Dada mshauri mpendwa,

Naomba msaada, na niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kuomba msaada, hata barua hii anaiandika mke wangu kwa sababu mkono wangu wa kulia haushiki kalamu sawasawa. Mimi ni baharia wa sitaha, miaka ishirini na mbili melini, na kabla ya kila mkataba tunapimwa afya, na sijawahi kushindwa kipimo hata kimoja, nimepita nikiwa na homa, nimepita na jino bovu, nimepita na goti limevimba kama papai, maana ukisema inauma mbele ya daktari wa kampuni, nafasi yako anapewa mwingine. Sasa mwaka huu kamba ya kufungia meli ilikatika ikanipiga begani, nikarudishwa nyumbani, nikapasuliwa, nikatibiwa miezi mitano, kisha kampuni ikaniita kwa daktari wake anipime ulemavu ili nilipwe fidia, na hapo ndipo palipoharibika, kwa sababu yule daktari ni mcheshi, akaniambia niinue mkono, nikauinua hadi juu huku nimeuma meno, akaniuliza kama inauma, nikasema, "Hata kidogo, daktari," akanisifu, nikatoka kifua mbele na karatasi imeandikwa kwamba nafaa kwa kazi. Mke wangu aliisoma pale kwenye korido akaketi chini. Kuna mpishi wetu tuliyemwita Madeko, aliungua na mafuta, akaenda kwa daktari huyohuyo akilia tangu mlangoni, tulimcheka mwaka mzima, na fidia alipata. Mimi siwezi kulia vile. Sasa kampuni inasema hakuna ulemavu, hakuna fidia, na kwa kuwa nafaa wamenipa mkataba, meli inaondoka wiki ijayo, mke wangu anataka nirudi nikaseme ukweli, mimi naona nitaonekana tapeli, bora nipande, bega litazoea. (Dada, ni mimi mwandishi. Jana ameshindwa kufunga kifungo cha shati.) Nifanye nini?

Baharia Mzima

Baharia Mzima,

Jina umejichagulia mwenyewe, mimi sitaki kesi.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta aliyekudhulumu, nikawakuta wawili: daktari anayepima bega lililopasuliwa kwa kummwagia mtu sifa, na wewe uliyezimeza. Yeye analipwa kwa kazi hiyo. Wewe umeifanya bure.

Pole kwa bega, naisema kwa dhati. Lakini umeitwa kupimwa ulemavu, ukaenda kushindana nao. Ulidhani utapewa kombe? Mpishi mnayemcheka aliulizwa swali akajibu, ndiyo siri yake yote. Fidia si sadaka ya wanaojua kulia, ni haki ya mtu aliyeumia kazini. Na utapeli unaouogopa ulishaufanya siku ile uliposema haiumi. Kurudi kusema ukweli ni kuuacha.

Sasa nisikilize. Mkataba usiusaini, na karatasi yoyote inayosema huna madai usiiguse. Kesho asubuhi nenda chama cha mabaharia na mkataba wako wa zamani, ripoti ya ajali na makaratasi yote ya upasuaji. Waulize una siku ngapi za kupinga majibu ya daktari, maana zina mwisho, na wewe nyingine umeshazitumia kuona haya. Tafuta daktari wa mifupa asiyelipwa na kampuni. Yeye na yule mcheshi wakipingana, omba apatikane wa tatu mtakayemkubali pande zote mbili. Kote huko nenda na mkeo, na ukiulizwa kama inauma, ajibu yeye. Wewe zamu yako ya kujibu tumeiona.

Kama baada ya haya yote bado unaona bora upande, sawa, wewe ni mtu mzima. Ila ukifika melini mtafute baharia mtakayeshika naye kamba moja, umwambie kwa mdomo wako kwamba mkono wako wa kulia hauna nguvu. Ukishindwa kumwambia, shuka.