Mtamba Niliyemtoa kwa Ajili ya Korongo

Mwangaluka, Masanja, mjukuu wangu na mume wangu. Hapa Nkololo hatujambo. Mama yako anapalilia pamba na anakusalimu sana.

Umeuliza kwa nini nilimtoa mtamba wangu kwenye mchango wa kulinda korongo taji.

Nikiwa msichana, niliingiza ng'ombe kwenye ngitili yetu, malisho tuliyoyafunga hadi kiangazi. Wakakanyaga mayai ya korongo. Baba hakunichapa. Aliniambia tu, "Kaa hapa uwasikilize." Wale wawili walizunguka kiota wakilia mpaka jua likazama, nami nikalia nao.

Siku hizi wamebaki wachache. Majirani tumeuza mifugo tuliyochanga, tukaweka walinzi wa ngitili. Leo asubuhi nimewasikia korongo wakiita tena. Safari hii vifaranga wameitika.

Bibi yako, Kabula