Baba Asiandikwe

Jumatatu, 4 Mei 1987

Imesimama tena. Mapokezi kwanza, kisha famasi, kisha maabara. Skrini zote tatu zimeganda. Nimezima, nimengoja kidogo, nimewasha. Imeamka kana kwamba hakuna kitu.

Mashine ni moja tu, iko humu chumbani mwangu penye kipoza hewa. Programu ndiyo inayoigawa, kila chumba kidhani kina mashine yake peke yake. Kimoja kikianguka, vingine havitakiwi hata kujua. Ndivyo nilivyofundishwa Nairobi. Sivyo inavyokuwa.

Mvua tangu alfajiri. Wagonjwa wengi wa homa. Chakula cha mchana na Kadzo wa mapokezi, nyuma ya chumba cha dobi, kwa sababu wengi wamefunga Ramadhani na si adabu kula mbele yao. Viazi vitamu. Anasema mashine yangu ina wivu, ikituona tunacheka inazira. Ndiye mtu pekee hapa Malindi anayenichekesha. Mwaka wa pili huu, na majirani bado wananiita yule wa bara.

Jumatano, 6 Mei

Siku mbaya. Imesimama wakati maabara wakitafuta aina ya damu ya mtoto aliyeletwa kutoka Adu. Wamepima upya kwa mkono. Mtoto yu hai. Mama yake alikaa sakafuni muda wote ule.

Bwana Omari, msimamizi wetu, aliuliza nani alikuwa akiandika iliposimama. Kadzo. Na juzi? Kadzo. Ni kweli, kila mara ni yeye. Amesema ikitokea tena atamwachisha kazi. Kadzo alikuwa amesimama pale pale. Aliviangalia vidole vyake kama vya mtu mwingine.

Nami nilinyamaza. Najichukia.

Ijumaa, 8 Mei

Nimepiga simu kwa kampuni ya Nairobi iliyotuuzia programu. Fundi anasema kumbukumbu ya mashine inajaa, hitilafu ndogo, niwe nazima na kuwasha. Nikamwuliza inajaa nini. Akasema, dada, mbona maswali ya mtihani.

Mchana nikamwuliza Kadzo alikuwa akimwandika nani kila ilipoganda. Anawakumbuka wote. Juzi ni mtoto aliyeletwa kutoka Kakuyuni, Karisa Kazungu. Baba yake, Kazungu Karisa, alishaandikwa mwezi uliopita, alikuja na kifua.

Nikasema majina yanachanganya. Akanitazama kwa huruma.

"Mtu wa bara wewe. Kwetu kifungua mimba wa kiume ni babu yake. Karisa kamzaa Kazungu, Kazungu kamzaa Karisa. Utakwenda hivyo hivyo mpaka kwa Adamu."

Niliacha tonge mkononi.

Jumapili, 10 Mei

Sikwenda kanisani. Jumapili mapokezi huandika kwa kalamu, mashine haina kazi. Nimekaa kwenye kiti cha Kadzo, nimeandika watu wawili wa uongo, baba na mwana.

Ni hivi. Programu humtafuta baba wa kila mtoto ili familia ziwekwe pamoja. Kisha baba wa baba. Inatafuta kwa jina. Babu aliyekufa zamani hayumo. Aliyemo ni mjukuu mwenye jina lake. Basi inamchukua mjukuu kuwa ndiye babu, inamtafutia baba, inajikuta ilikoanzia. Kila mzunguko inachota kumbukumbu kidogo na hairudishi.

Skrini ya mapokezi iliganda. Nikakimbilia famasi. Imeganda. Maabara. Imeganda.

Vyumba vitatu vinachota pipa moja, na hakuna kilichowekewa kipimo. Kosa la majina ni kosa tu. Kukosa kipimo ni mlango usio na komeo. Leo anaiangusha mtoto mwenye homa asiyejua lolote. Kesho mwenye chuki atapanga foleni, atataja majina mawili, ataondoka zake, na maabara itabaki kipofu. Hili si la kuzima na kuwasha. Hili ni la usalama.

Nilifurahi sana. Hapakuwa na wa kumwambia.

Jumanne, 12 Mei

Nimemwonyesha Bwana Omari. Majina yale yale, mbele ya macho yake. Amefunga, midomo imemkauka, lakini hakuketi.

"Kwa hivyo mtu yeyote aliye pale nje."

Nikasema yeyote.

"Na yule binti?"

"Hana kosa. Aliandika alichoambiwa."

Alipiga simu Nairobi mwenyewe, akamtaka mkubwa wa yule fundi. Huyo alielewa upesi. Programu hii hii iko Kilifi na katika hospitali nyingine. Ameomba asiambiwe mtu mpaka waitengeneze. Habari ikitangulia dawa, kote kuko wazi.

Ana haki. Ningekuwa mahali pake ningeomba hilo hilo.

"Bi Naomi, jambo hili lisivuke mlango huu," akasema Bwana Omari. "Hata kwa shoga yako."

Nimekubali. Kadzo hafukuzwi. Nimerudi chumbani nikidhani nimeshinda.

Alhamisi, 14 Mei

Amri ya muda, niliyoitunga mimi: mapokezi wasiandike jina la baba. Pasipo baba hakuna mzunguko. Bwana Omari ameitangaza asubuhi bila kutoa sababu. Hakusema pia kwa nini Kadzo amebaki. Wenzake wanasema amehurumiwa.

Amekuja chumbani kwangu. Akasema nimwambie tu alikosea wapi. Nikasema hukukosea. Basi ilikuwa nini? Nikasema siwezi kusema. Kipoza hewa kilinguruma. Akaenda zake.

Jumatatu, 25 Mei

Akina mama wamechukia. Mmoja aliuliza kama mwanawe anaonekana hana baba, na foleni nzima ikasikia. Anayetukanwa ni Kadzo, kila siku, kwa amri yangu. Huku mtu asiye na baba nyuma ya jina lake ni kama ameokotwa. Mimi niliona nafasi tu kwenye skrini.

Nimekula peke yangu. Yeye anakaa na wafagiaji sasa.

Nairobi wanasema bado.

Jumatano, 3 Juni

Kadzo ameacha kazi.

Mwanamume mmoja alifika na mtoto begani, akataja jina lake mwenyewe mara kadhaa, akataka alione likiandikwa. Kadzo akaliandika. Kisha akakumbuka amri, akalifuta. Yule baba akamwuliza yeye ni binti wa nani hata afute watu. Kadzo akainuka, akavua koti jeupe, akaliweka kitini. Ametoka kwa lango la nyuma.

Nimehadithiwa na mfamasia. Nilikuwa nimejifungia na mashine. Ningesikia ningemkimbilia. Ningemwambia nini?

Jumamosi, 13 Juni

Diski imefika kwa basi. Nimeiweka, nimejaribu yale majina. Mapokezi imejaa ikasimama yenyewe, peke yake. Famasi inaendelea. Maabara inaendelea. Kila chumba na kipimo chake. Na watu wanatafutwa kwa namba sasa, si kwa jina.

Nairobi wamepiga simu. Kilifi tayari, wengine tayari. Naruhusiwa kusema.

Nimelirudisha jina la baba. Msichana mpya wa mapokezi ameuliza kwani lilikuwa limeondolewa. Bwana Omari ameniombea dua ndefu. Imenichosha.

Jumapili, 28 Juni

Jilore, kijijini kwao Kadzo. Nimemkuta akipalilia mahindi na mama yake. Nilimwamkia mama shikamoo, nikapewa kigoda kivulini. Kadzo hakuketi. Nilimweleza yote akiwa amesimama na jembe: majina, pipa, amri, simu ya Nairobi.

"Ulijua tangu lini?"

Nikamwambia. Jumapili ile, kabla ya amri.

Aling'oa majani kwa mkono. Akasema hapa kijijini wanajua alifukuzwa kwa kuharibu mashine ya hospitali. Akasema, "Ungeniambia ningenyamaza. Au mimi sijui kunyamaza?"



Alimgeukia mama yake, akamweleza kwa Kigiriama. Nilishika neno moja tu, mashine. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapiga makofi taratibu kwa mshangao, akamshika bintiye bega. Hilo angalau limefika, kwamba Kadzo hana kosa.

Adabu ya huku mgeni husindikizwa hadi barabarani. Kadzo alinifikisha mwisho wa mihogo tu, akasema niwasalimie watu wa mapokezi. Akageuka. Sikumwita. Nimetembea hadi barabarani, nimengoja gari. La kwanza lilikuja limejaa. Nimengoja jingine.