Mkate Msumarini

Toshkent, 10 Juni 2001

Kwa shemeji Nemat,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimepoa, na hapo Chirchiq hamjakatiwa maji kama sisi huku. Mimi sijambo, ni goti tu lile lile. Forsadi za uani zimeiva na zinaanguka ovyo. Mwaka huu hakuna wa kuzila.

Shemeji, tulikungoja siku ya arobaini ya Qudrat. Niliwaambia wanaume wasipakue pilau, Nemat yuko njiani. Wakangoja mpaka wali ukapoa. Sikulaumu, labda ulikuwa na zamu kiwandani.

Nina jambo moja la kukuuliza. Jumapili ile mlipokwenda Hojikent, mume wangu alitoka hapa na sweta ya kijivu niliyoifuma mwenyewe. Waliponiletea mwili wake, alikuwa amefunikwa koti la kahawia ambalo si lake. Kondakta wa treni alisema walimkuta hivyo ilipofika mwisho wa njia hapa Toshkent: ameegemea dirisha, amefunikwa vizuri mpaka shingoni. Wengine wote walikuwa wameshuka.

Koti hilo ni la nani? Wewe ulishuka Chirchiq, labda unakumbuka nani alikuwa amekaa karibu yenu. Nataka kujua kama alikata roho akiwa na mtu, au peke yake. Hilo tu, sina jingine.

Siku ya mazishi nilikuona kupitia dirisha. Ulisimama ukutani na shati tupu, na mvua ile inanyesha. Nilitaka kukutumia chai, lakini nilipomwita mtu ulikuwa umeshaondoka.

Shemeji yako,
Hosiyat

*

Chirchiq, 24 Juni 2001

Shemeji Hosiyat,

Waalaykumu salaam. Nimeipata barua yako, nimefurahi kusikia kwamba u mzima. Goti ulipashe kwa chumvi ya moto kwenye kitambaa. Mimi naendelea. Tangu mke wangu afariki nimezoea kujipikia, lakini chakula cha mtu mmoja hakikolei hata ufanyeje.

Nisamehe kwa arobaini. Zamu haikuniruhusu.

Kuhusu koti, silijui. Behewa lilikuwa limejaa, watu walikuwa wanarudi na mafungu ya maua ya milimani. Huenda ni la mmoja wao.

Siku yenyewe ilikuwa njema, hilo naweza kukuambia. Tulipika kando ya mto pale petu. Yeye alikata karoti, mimi nikashika sufuria. Alipoonja alisema, "Nemat, chumvi umeitia, au umeisikia redioni tu?"

Nikamwambia, "Kula, bwana. Shemeji akikosea mbona husemi?"

Akasema, "Hosiyat hakosei. Na akikosea, nani ana ubavu wa kusema?"

Akacheka mpaka akapaliwa. Ndivyo ilivyokuwa.

Ndugu yako,
Nemat

*

Toshkent, 15 Julai 2001

Kwa shemeji Nemat,

Assalamu alaykum. U hali gani na joto hili? Mimi nalala uani, ndani hakukaliki. Ile chumvi ya moto imenisaidia, ahsante.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, hasa pale pa redio. Nilikuwa namsikia kabisa. Kama unayo mengine kama hayo, niandikie, hata yawe madogo kiasi gani.

Koti nimelitundika mlangoni, jirani na mkate. Mkate huo wewe unaujua, maana alikuwa akiniteta kwako. Mama mkwe alimwambia Qudrat aume mkate kidogo siku anakwenda jeshini, akautundika msumarini, ili riziki yake imrudishe aje aumalizie. Akarudi. Basi nami sikuacha. Kila Jumapili namshikia mkate mlangoni, naye analalamika, "Mwanamke, nakwenda kula pilau na Nemat, siendi vitani." Nami namwambia uma tu. Anauma. Jioni akirudi tunaumalizia pamoja kwa chai, ananisimulia nani alianguka mtoni na nani alisahau mafuta.

Ule wa Jumapili ile bado upo. Meno yake yanaonekana. Kuutupa siwezi, ni mkate. Kuula siwezi, ni wake.

Kila Ijumaa namwombea dua mtu mwenye koti. Simjui jina, namwita "yule aliyemfunika". Nasema, Mola, popote alipo, usimwache apigwe baridi, kwa kuwa hakumwacha mume wangu.

Miaka yote ile Qudrat hakunipeleka Hojikent hata mara moja. Jumapili ilikuwa yenu wanaume. Ukienda tena, nichukue.

Shemeji yako,
Hosiyat

*

Toshkent, 9 Septemba 2001

Kwa shemeji Nemat,

Assalamu alaykum. Sijapata neno kutoka kwako tangu Julai, natumaini si ugonjwa. Hapa kuna amani. Zabibu zimezaa vizuri, nimekukaushia za pilau. Je, bado unakwenda kule? Niambie tu kama u mzima.

Hosiyat

*

Chirchiq, 18 Novemba 2001

Shemeji Hosiyat,

Waalaykumu salaam. Mimi ni mzima wa mwili. Sijaenda Hojikent tangu siku ile, na ile sufuria nimeigawa.

Acha kuniombea dua Ijumaa. Koti ni langu.

Tulipopanda treni ya kurudi alisema amechoka, akakaa dirishani. Unajua mtindo wetu: wa kulala alale, asiamshwe. Tangu ujana tulikuwa hivyo, tukifanya kazi kiwanda kimoja. Mara ngapi mimi nilipitiliza mpaka Toshkent kwa sababu Qudrat hakuniamsha, halafu kesho yake ananicheka mbele ya watu! Kwa hiyo alipofumba macho nilinyamaza, nikala mbegu zangu za alizeti.

Kabla ya Chirchiq nilimgusa mkono. Ulikuwa wa baridi. Nikajiambia ni upepo, dirisha lile halifungiki. Nikavua koti nikamfunika. Nikaona mdomo wake uko wazi, nikacheka moyoni, nikasema leo zamu yangu, kesho nitamtania. Nikashuka. Nikasimama jukwaani mpaka treni ikapita, nikampungia mkono, mimi mjinga.

Sijui, shemeji. Labda alikuwa amelala kweli. Labda alikuwa ameshaondoka. Ningemtikisa bega mara moja tu ningejua. Nilimwacha na watu wasiomjua, wakampita mmoja mmoja wakishuka na maua yao.

Nilikuja mazikoni nikashindwa kuingia. Na ulipoandika, nilikuandikia uongo. Ukamwombea dua mwenye koti, nami sikuwa na pa kujificha.

Nemat

*

Chirchiq, 3 Februari 2002

Shemeji,

Natumaini u mzima na baridi haijakushinda. Sijui kama barua yangu ilifika. Kama ilifika na hutaki kunijibu, ni haki yako. Theluji huku imefika dirishani.

Nemat

*

Toshkent, 16 Aprili 2002

Kwa shemeji Nemat,

Assalamu alaykum. Natumaini u mzima, na theluji imekwisha hapo kwenu. Hapa miti ya uani imechipua. Goti limetulia.

Barua zako zote mbili zilifika. Ya kwanza niliisoma nikaifungia kabatini na koti lako. Majira yote ya baridi sikukuombea dua wala sikukuapiza. Nilikuwa nakuona tu unapunga mkono.

Siku ya mazishi ulikuwa na shati tupu. Nilikuona kwa macho yangu, na bado sikujua. Mwezi wa tatu ndipo nilipolitoa koti kulianika, nikakuta mbegu za alizeti mfukoni. Nikakaa chini nazo mkononi. Nikasema, huyu naye alivua koti, akakaa na baridi.

Juzi Jumapili nilikwenda Hojikent. Ndiyo, mimi, peke yangu. Nilimwuliza mwuza chai wanaume wawili walikuwa wakipikia wapi. Akasema, "Wale wa kubishana chumvi? Pale, mama, kwenye mawe yale." Mawe bado yana masizi yenu. Nilikaa hapo. Nilikuwa nimekuja na ule mkate. Ulikuwa mgumu kama kigae, nikauchovya kwenye chai kidogo kidogo nikaula wote. Pale alipouma nilipaacha mwisho.

Wakati wa kurudi, mbele yangu aliketi mzee amelala, kichwa dirishani, mdomo wazi. Nilimwangalia njia nzima. Nilitaka kumgusa. Mara tatu nilinyoosha mkono, mara tatu nikaona haya: mtu amechoka, utamwamshaje? Chirchiq ilipita. Nikaanza kuhesabu dakika kutoka hapo mpaka Toshkent. Mwaka mzima nilidhani kipande hicho alichokwenda bila wewe ni safari ya kutisha. Kumbe ni muda wa mtu kusinzia tu. Tulipofika alifumbua macho akaniuliza, "Tumefika, dada?" Nikamwambia tumefika. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Mimi pia nisingemwamsha, Nemat. Na koti sikuwa nalo la kumfunika.

Sasa nikupe habari. Zamira binti yangu ananichukua nikakae naye Navoi. Nyumba tumeshawapa watu wengine, naondoka keshokutwa. Hitima ya mwaka tutaisoma huko huko. Kwenye kifurushi hiki utakuta koti lako, kifungo kilichokuwa kimelegea nimekishona. Utakuta na zabibu. Tafuta sufuria nyingine, uende ukapike pale kwenye mawe, na chumvi uitie.

Na chini kabisa, ndani ya kitambaa, kuna mkate. Nimeuoka leo asubuhi. Nimeuuma mimi. Nakwenda mbali kuliko nilivyowahi kwenda, na huku hakuna aliyebaki wa kunitunzia. Utundike kwenye msumari, mahali pakavu. Nikijaliwa kurudi, nitakuja kuumalizia hapo kwako kwa chai.

Kila ukipita mlangoni na kuuona, nikumbuke.

Shemeji yako,
Hosiyat